Kochi moja, mauzo mawili: nilivyohangaika na programu za hesabu hadi nikatulia kwenye ya bure

Sponji ndiyo iliyonifumbua macho. Ilikuwa Jumanne, nina oda tatu za makochi ya L, fremu za mbao zimeshasimama zote, vijana wamekaa kwenye vigoda wananitazama, na mimi sina hela ya sponji. Wateja wote watatu walikuwa wameshanilipa advansi, laki saba na nusu kila mmoja. Milioni mbili na laki mbili na nusu zilipita mkononi mwangu ndani ya wiki mbili na sikuweza kueleza zimekwenda wapi. Kompresa ya bunduki ya pini niliikumbuka. Ada ya mtoto niliikumbuka. Zilizobaki, giza tupu.

Mimi ni fundi makochi hapa Keko, Dar es Salaam. Nimejiajiri, nina vijana wawili wa kudumu, na kazi ikizidi naita vibarua. Uhasibu sijausomea. Kwa hiyo haya nayaandika kwa mtu wa aina yangu: mshonaji, mpika keki, mpiga picha za harusi, fundi madirisha, yeyote anayechukua advansi leo na kukabidhi kazi wiki tatu mbele. Kama una genge au duka la soda, mtu anatoa hela anaondoka na soda yake, programu karibu zote zitakufaa na huna haja ya kusoma maneno mengi ya fundi makochi.

Kabla ya Jumanne ile hesabu zangu zilikaa kwenye kaunta buku, ile yenye jalada gumu. Siidharau, na mtaona mbele kwamba bado ninayo. Haiishiwi chaji, haidai bando, na kijana aliyeishia darasa la saba anaijua. Ubaya wake ni upole: inakubali chochote unachoiandikia. Nikiandika "Mama wa Mbezi 750,000", haiulizi hiyo ni hela yangu au ni hela ya sponji yake. Na haijumlishi. Ikifika Desemba nakaa na kikokotoo mpaka usiku wa manane, na jumla ya leo hailingani na ya jana.

Halafu kuna TRA, mamlaka ya mapato, nao kumbukumbu wanazitaka kweli, tena uzitunze miaka 5. Kwa mlipakodi mdogo zina bei kabisa. Viwango nilivyoonyeshwa vilikuwa hivi: mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka, akiwa na kumbukumbu analipa 90,000 na juu yake asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Asiyekuwa nazo anapigwa 250,000 bila mjadala. Chukua mtu wa mauzo ya milioni 8: mwenye kumbukumbu analipa 120,000, mwenzake asiye nazo analipa zaidi ya mara mbili yake. Mimi nilishavuka daraja hilo. Kuanzia Julai 2022, sisi tulio kati ya milioni 11 na milioni 100 tuliwekewa asilimia 3.5 ya mauzo. Nimesema mauzo, sijasema faida. Lishikilie neno hilo.

Programu ya kwanza niliyojaribu ni ya simu. Siitaji jina, maana huenda wameshairekebisha na sina ugomvi nao. Kwa sura ilinikosha: Kiswahili safi, vitufe vikubwa, kimoja kimeandikwa "Umeuza" na kingine "Umetumia". Wiki ya kwanza nilikuwa nawaonyesha mafundi wenzangu kama mtu aliyenunua gari. Nabonyeza mbao, nabonyeza gundi, nabonyeza nauli ya guta, jioni napata duara la rangi linaloniambia hela imeliwa na nini.

Ikaja advansi. Kitufe cha hela kuingia kilikuwa kimoja tu, "Umeuza", nikabonyeza hicho: 750,000. Wiki tatu baadaye nikamkabidhi mama kochi lake, akataka karatasi, nikamtengenezea ankara ya 1,500,000 humo humo kwenye programu. Nayo ikaihesabu kuwa mauzo mapya. Kwa hiyo kochi moja la milioni moja na nusu likasomeka limeuzwa 2,250,000.

Nilicheka, halafu nikapiga hesabu nikaacha kucheka. Tuseme kwa mwaka natoa makochi 40 ya bei hiyo. Mauzo ya kweli ni milioni 60. Kwa programu ile yangesomeka milioni 90. Asilimia 3.5 ya milioni 60 ni 2,100,000. Ya milioni 90 ni 3,150,000. Tofauti ni milioni moja na elfu hamsini, kodi ya makochi ambayo hayajawahi kukaliwa na mtu. Na milioni 90 iko mlangoni kwa milioni 100, mpaka ambao ukiuvuka unatoka kwenye utaratibu wa walipakodi wadogo na unatakiwa uje na hesabu zilizoandaliwa kihasibu hasa. Uhesabu mauzo siku hela inapoingia au siku mzigo unapotoka, hilo mmalizane na mhasibu wako. Ila kochi moja haliwezi kuuzwa mara moja na nusu.

Niliwaandikia wenye programu. Walinijibu kwa adabu siku ya tatu, wakanishauri nitengeneze kundi jipya niliite "Advansi". Nikalitengeneza. Likakaa chini ya Mauzo.

Nikaamua kuhama. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kitufe cha kutoa kumbukumbu zangu mwenyewe kiko kwenye kifurushi cha kulipia. Nikalipia mwezi mmoja, nikatoa vitu vyangu, nikaaga. Tangu siku hiyo programu yoyote naiuliza kwanza mlango wake wa kutokea uko wapi.

Katikati hapo mpwa wangu, anasoma chuo cha uhasibu, TIA, pale Kurasini, alinitengenezea jedwali la Excel. Kazi nzuri, rangi mpaka kwenye pembe. Lilidumu miezi miwili, mpaka siku nilipoandika bei ya kitambaa juu ya kisanduku chenye fomula bila kujua. Kuanzia hapo jumla ikawa inasoma namba ileile kila siku na mimi nikawa nafurahi kwamba matumizi hayapandi. Kosa ni langu. Lakini jedwali ambalo mkono wenye gundi unaweza kuliua bila lenyewe kupiga hata kelele halifai karakana.

Ya tatu ilikuwa ya mtandaoni, ya kulipia kwa dola kila mwezi. Hii nayo nitaiacha bila jina. Niseme ukweli, ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote kwa macho. Ankara zake mteja wa Masaki akizipokea anaanza kukuita "kampuni". Advansi inaielewa, inaiweka kando mpaka utakapokabidhi. Nikasema basi, nimefika.

Sikuwa nimefika. Kwanza bei. Dola 20 kwa mwezi ukiisikia haraka ni ndogo, lakini sisi tunauza kwa shilingi, na shilingi haikai palepale. Mwezi huu unakatwa elfu hamsini na kitu, mwezi ujao kitu kimeongezeka, na kadi ya kwenye simu inakula makato yake juu. Kwa mwaka ni zaidi ya laki sita. Kwangu hiyo ni sponji ya makochi mawili. Pili, mwezi mmoja kadi haikuwa na salio siku ya kukatwa, na kwa siku tano nilikuwa naziona hesabu zangu kwenye kioo lakini siwezi kuandika chochote. Tatu ikaja Mei 2024. Jumapili tarehe 12 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Afrika Mashariki yote, sisi tukiwamo, intaneti ikawa ya kubembeleza. Jumatatu mteja amesimama fremuni, dukani kwangu, anauliza amebakiza kiasi gani. Mimi nimeshika kompyuta, kiduara kinazunguka. Anazunguka nacho kwa macho. Mwisho akasema, "Fundi, si tuliandikiana kwenye daftari lile?" Nikafungua kaunta buku, jibu likapatikana kwa sekunde kumi.

Kosa la mkongo siwezi kulitwika mtu mwenye programu. Lakini hesabu zangu kuishi ng'ambo ya bahari, nami nikiwa Keko, nililiona lina kasoro.

Nilipita pia kwa wenye majina. Wahasibu wengi hapa mjini wamekulia kwenye Tally, ya Wahindi wa Bengaluru, na QuickBooks ya Wamarekani. Ukiwa na mhasibu wa kumlipa, muulize yeye anatumia nini, uchukue hiyohiyo, basi. Usimnunulie programu asiyoijua halafu ukamlipa muda wa kujifunza. Xero na Zoho Books nilizitazama nikapita. Ni za kuishi mtandaoni, na kwa wakati ule jeraha la mkongo lilikuwa bichi.

Aliyenitoa kwenye shimo ni mzee mmoja mstaafu, jirani yetu Chang'ombe, alifanya kazi za hesabu miaka mingi. Alikuja kuleta viti vyake vya kulia chakula nimbadilishie vitambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umekunja uso hivyo, mwanangu?"

Nikamweleza habari ya advansi. Hakuuliza natumia programu gani. Aliokota kipande cha plaiwudi, akachukua chaki yangu ya kupimia kitambaa, akachora mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, kama msalaba uliokatwa kichwa.

"Hela ya huyu mama imeingia wapi?"

"Kwenye simu."

Akaandika kushoto: simu, 750,000. "Na imetoka wapi?"

"Kwa mama."

"Kwa nini amekupa?"

"Namtengenezea kochi."

"Umeshamkabidhi?"

"Bado, mzee."

"Basi unadaiwa." Akaandika kulia: deni, 750,000. "Wewe unaona una hela. Daftari linaona una deni la kochi. Nani mkweli?"

Plaiwudi ile bado ninayo, imeegemea ukuta nyuma ya cherehani. Mzee aliniambia kwamba mtindo huu wa pande mbili ni wa zamani mno, mtawa mmoja Mtaliano, Luca Pacioli, alishauchapisha Venice mwaka 1494, na hata yeye hakuubuni, alikuta wafanyabiashara wa kule wanautumia. Nikawaza: miaka zaidi ya mia tano, na bado kuna mtu anauza programu yenye vitufe viwili.

Programu aliyonielekeza inaitwa GnuCash. Ni ya bure, na bure yenyewe ni ya kweli: haina kifurushi cha dhahabu kinachokusubiri mbele, haikuombi kadi. Imetengenezwa na watu wanaojitolea, toleo la 1.0 lilitoka 1998. Inakaa kwenye kompyuta yako, iwe Windows, Mac au Linux, na haihitaji intaneti baada ya kuipakua. Mimi nimeiweka kwenye kompyuta mpakato ya mtumba niliyonunua Kariakoo kwa 380,000, ambayo betri yake ni ya kujipa moyo tu. Ndiyo gharama pekee niliyoingia, nayo mtoto anaitumia kwa masomo nisipokuwa naihitaji.

Ukiifungua mara ya kwanza utataka kuifunga. Nasema kwa upendo. Sura yake ni ya ofisi ya serikali ya zamani: mistari, mafaili, maneno ya Kiingereza cha kihasibu. Hakuna duara la rangi la kukuchekea. Inakupa mti wa akaunti, na mti huo ndio kila kitu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Akaunti zote zinaangukia kwenye mafungu matano: mali, madeni, mtaji, mapato, matumizi. Majina ya ndani unaandika mwenyewe, kwa Kiswahili ukitaka. Kwangu kwenye mali kuna Droo, M-Pesa, Benki na Stoo. Kwenye matumizi kuna Mbao, Sponji, Vitambaa, Pini na gundi, Vibarua, LUKU, Kodi ya fremu, Guta na kirikuu, Makato ya simu. Hiyo ya mwisho usiidharau. Niliitenga kwa hasira tangu tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021, na mpaka leo inanishangaza: shilingi mia hapa, elfu moja pale, mwisho wa mwezi zinakuwa siku nzima ya kibarua. Na kwenye madeni, chumba chenyewe: Advansi za wateja. Chini yake kila mteja ana mstari wake.

Sasa tazama kochi la mama wa Mbezi linavyopita. Siku anapotuma 750,000 kwenye Lipa Namba, naandika muamala mmoja: M-Pesa imepanda 750,000, Advansi imepanda 750,000. Mauzo hayajaguswa. Nikinunua sponji kwa 280,000, M-Pesa inashuka, Sponji inapanda. Siku ya kukabidhi ananipa 750,000 taslimu, nami naandika muamala wenye mistari mitatu: Droo inapanda 750,000, Advansi ya mama inashuka 750,000, Mauzo yanapanda 1,500,000. Mara moja. Jina la mama kwenye madeni linabaki sifuri, na sifuri hiyo mimi huitazama kwa raha kuliko namba nyingine zote.

Ukikosea upande mmoja, haikubali kimyakimya kama kaunta buku. Inafungua akaunti yake yenyewe inaitwa Imbalance-TZS, inatupa humo tofauti, na inakuachia pale kila siku kama mwiba. Mwanzoni nilidhani programu imeharibika. Nikampigia mzee.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Elfu kumi na tano."

"Hiyo siyo ya kompyuta. Itafute."

Niliitafuta, ilikuwa nauli ya kirikuu niliyoandika imetoka droo nikasahau kuandika imekwenda wapi. Tangu hapo kile nilichoona ni ubovu ndicho ninachokipenda.

Jambo jingine linalostahili sifa ni kulinganisha. Kila Jumamosi nachukua taarifa ya miamala ya simu, nafungua sehemu ya kulinganisha, natia alama muamala kwa muamala mpaka salio la programu na salio la simu yanakutana. Dakika ishirini. Kwa njia hii niligundua mteja aliyeniambia ametuma, akanionyesha na ujumbe, na hela haikuwahi kufika. Ujumbe ulikuwa wa kughushi. Kochi lilikuwa bado ndani, ashukuriwe Mungu.

Mlango wa kutokea upo pia. Unaweza kutoa miamala yote ikasomeka kwenye jedwali lolote, na faili lenyewe ni lako, liko kwenye kompyuta yako. Mimi kila Jumamosi nalinakili kwenye flashi mbili, moja inalala nyumbani. Programu yenyewe kila unapohifadhi inatengeneza nakala yenye tarehe na saa. Mpwa wangu analalamika kwamba folda inajaa makorokoro. Nikamwambia ayaache makorokoro.

Kasoro zake? Zipo, na nyingine ni za kukufukuza. Si programu ya simu. Kama huna kompyuta na hutaki kuwa nayo, achana nayo tu. Haifunguliwi na watu wawili kwa wakati mmoja. Ukiwa na karani fremuni na wewe uko nyumbani, lazima mmoja asubiri. Haiongei na mashine ya EFD. Risiti natoa kwenye mashine kama sheria inavyotaka, kisha namba ya risiti naiandika kwa mkono kwenye ile safu ya namba ya muamala. Ni kazi mara mbili, na mwenye mauzo madogomadogo mia kwa siku asijaribu. Ina sehemu ya ankara za wateja, lakini ukianza kuichanganya na advansi inahitaji kichwa kilichotulia. Mimi nimeiacha, ankara naandika kwenye kitabu cha kawaida, namba naingiza. Mtu aliyesajiliwa kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambaye tangu Julai 2023 ni mwenye mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, atafute kitu kikubwa zaidi na mhasibu wa kukaa nacho.

Na kuna kasoro moja ambayo ni ya kwetu wenyewe: inataka ukae chini. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa naenda kwa mzee kila jioni, namalizia viti vyake bure kwa malipo ya darasa, na bado nilichanganya mtaji na mapato. Hela niliyotoa mfukoni kununua cherehani niliiandika kama mauzo. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Umejiuzia nini, wewe?" Mtu asiyekuwa na mzee wa namna hiyo jirani atafute kijana wa chuo, ampe nauli na chakula kwa siku nne tano, wajenge ule mti wa akaunti pamoja. Ukishajengwa sawasawa mara moja, kinachobaki ni kuandika. Mti ukijengwa vibaya, utaandika uongo kwa utaratibu mzuri.

Faida niliyoipata naweza kuionyesha kwa oda ya mwezi uliopita. Mteja wa Tabata alitaka seti ya watu saba kwa 1,900,000, akaomba punguzo la laki mbili. Zamani ningetazama paa, nikatazama uso wake, nikasema haya. Safari hii nilifungua seti mbili za nyuma, nikaona mbao za Mafinga zimepanda, sponji imepanda, na seti kama hiyo inanigharimu 1,420,000 kabla sijajilipa mwenyewe hata shilingi. Laki mbili zingekuwa karibu nusu ya kinachobaki. Nikampunguzia elfu hamsini na nikamweleza kwa nini. Alikubali. Labda angekubali hata bila maelezo, sijui, lakini mimi nililala vizuri.

Na hela ya advansi siku hizi siigusi. Siyo kwamba nimekuwa mtakatifu. Nikifungua kompyuta naona M-Pesa ina milioni mbili na laki moja, na mistari michache chini yake naona nadaiwa makochi ya milioni moja na laki nane. Laki tatu ndizo zangu. Ada ya muhula huu ilitoka kwenye hizo laki tatu na za mwezi uliotangulia, na sponji haikukosekana.

Kaunta buku bado iko mezani fremuni, imejaa vumbi la mbao, kwa sababu kompyuta na randa haviishi pamoja. Vijana wanaandika humo mchana kutwa, jioni naibeba nyumbani nahamishia. Jumamosi iliyopita nimemaliza kuhamisha, nahesabu hela ya droo nailinganisha na programu, pungufu inanitazama: 4,000. Nikarudia ukurasa mzima. Nikahesabu pini, nikahesabu guta, nikapiga simu kwa muuza gundi. Hakuna. Saa nne usiku nikageuza kaunta buku nione jalada la nyuma, nikakuta mwandiko wa kijana wangu mdogo, kwa penseli, herufi zimebanana kama zinaona aibu: "chapati 4, soda 2, nitarudisha."